Zawadi ya Pasaka kwa mtoto mdogo: kabla hujashuka Darajani

“Mama, sungura wa mayai anakuja lini?”

Mwanangu wa miaka minne aliniuliza hivyo Jumapili ya Matawi, kuti lake bado liko mkononi. Sikuwa na jibu. Sungura ninayemjua mimi, yule wa hadithi za bibi, hajapata kumpa mtu kitu: anamhadaa fisi, anamcheza shere simba, anakula karanga za wenyewe na kesi anamwachia mwingine. Leo huyo ndiye wa kugawa mayai ya chokoleti huku kwetu Tomondo, Unguja? Na hayo mayai kayataga nani?

Alimwona kwenye simu ya baba yake. Kuna zile video zenye mikono tu, uso huuoni, mikono inafungua yai la plastiki moja baada ya jingine, na kila yai lina kidude ndani. Mtoto anaweza kukaa hapo mpaka chaji iishe.

Sisi Wakristo wa Unguja ni wachache, na Pasaka yetu ya zamani haikuwa na habari na maduka. Ilikuwa nguo mpya, ibada kwenye kanisa la Anglikana la Mkunazini au la Katoliki la Minara Miwili, pilau, na jioni ukibahatika unapelekwa bustani ya Forodhani. Sasa duka limeshaijua. Kuna mayai ya chokoleti kwenye rafu za supamaketi, kuna “kapu la Pasaka” linalouzwa mtandaoni limezungushiwa nailoni na utepe, na mahoteli ya pwani yanatangaza chakula cha Pasaka chenye mchezo wa kutafuta mayai. Sisemi ni dhambi. Nasema ukishuka mjini, sokoni Darajani, bila mpango utarudi na mfuko mtupu na mtoto analia. Mpango wangu ndio huu. Nimeujenga kwa watoto watatu na makosa mengi kuliko hao watatu.

Hatua ya kwanza: jua unauziwa nini

Yai lina sababu yake. Zamani za kati huko Ulaya, Kwaresima ilikataza mayai pamoja na nyama na maziwa. Kuku hafungi Kwaresima, anaendelea kutaga, kwa hiyo ikifika Pasaka nyumba ina mayai tele ya kuliwa. Wakristo wa Mashariki waliyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Yesu, na ganda tupu likafananishwa na kaburi tupu. Hapo nipo nao.

Sungura ni habari nyingine. Ni wa Wajerumani, hadithi ya kijijini ya watoto, ambayo wahamiaji wa Kijerumani waliichukua kwenda nayo Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 18. Yai la chokoleti ni la kiwandani moja kwa moja: kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ilitoa la kwanza nchini humo mwaka 1873, na Cadbury wakafuata 1875. Mwaka huohuo wa 1873, mwezi wa Juni, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa hapa Mkunazini, na siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa letu palepale sokoni. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba Pasaka bila yai la chokoleti si Pasaka, huwa namtazama tu. Kanisa letu na yai lake ni rika moja.

Nilimwambia mwanangu sungura huyo ni wa Wajerumani na hana pasi ya kusafiria. Aliridhika kwa siku mbili.

Hatua ya pili: fungua kalenda mbili

Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ndiyo maana huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2026 ni Aprili 5, mwaka 2027 ni Machi 28, mwaka 2028 ni Aprili 16. Kwa Zanzibar hiyo haitoshi. Lazima uangalie na Ramadhani iko wapi, kwa sababu maduka, mafundi na barabara zote zinaifuata.

Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka ilituangukia ndani ya Ramadhani. Kuanzia 2025 mambo yamegeuka: Idi inatangulia, na kuanzia 2025 hadi 2027 Pasaka inakuja wiki mbili au tatu nyuma yake. Kwa mfuko wa mzazi Mkristo hii ni neema. Wiki ya mwisho ya Ramadhani Darajani na Mchangani hapapitiki, bei haina mazungumzo, na fundi cherehani hata salamu anaitikia sindano iko mdomoni. Subiri. Idi ikishapita, gauni za watoto zilizobaki zinateremshwa bei, na fundi yuleyule anakuita mwenyewe: “Mama, leta kitambaa, nina nafasi.”

Na kumbuka kipindi hiki ni masika. Mpira wa kuchezea pwani ni zawadi nzuri, ila mtoto ataukalia dirishani akitazama mvua. Buti za mvua za mpira, kwa upande wa pili, zinaanza kazi siku hiyohiyo. Nimenunua mara mbili na sijapata kujuta.

Hatua ya tatu: panga fedha ukiwa umekaa kitako

Si dukani, si kwenye gari ya abiria. Kaa nyumbani, chukua bahasha mbili. Moja ya nguo, nyingine ya zawadi. Bahasha ya nguo ndiyo inayomeza watu, kwa sababu kwetu Pasaka ni nguo kwanza, na siku hizi kuna na sare: familia nzima kitenge kimoja, mpaka mtoto wa miezi mitatu ambaye atakitapikia kabla ya sadaka. Kama mnataka sare, fanyeni, inapendeza kwenye picha. Lakini basi hiyo ndiyo zawadi ya mtoto, usinunue nguo halafu ukajiona hujampa kitu.

Mwaka mmoja nilimnunulia binti yangu viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Bei yake nilificha kwa baba yake. Jumapili viliwaka kanisani watoto wote wakageuka, mpaka katekista akatukazia macho. Jumatatu kimoja kilizima. Jumanne soli ya kingine ikaachia kama mdomo wa chewa. Nilivirudisha dukani, duka silitaji. Mwenye duka alivigeuza geuza, akanirudishia kwa upole kabisa: “Mama, hivi ni viatu vya sikukuu. Si vya kuvaa.”

Nilirudi navyo mpaka kituoni nikicheka peke yangu. Lakini maneno yake yamenifaa kuliko viatu, maana ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia mpaka leo.

Hatua ya nne: kipimo cha Jumanne

Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko. Jumanne watu wanarudi kazini, nyumba inarudi kuwa nyumba. Kabla hujatoa hela, jiulize: kitu hiki Jumanne saa nne asubuhi kitakuwa wapi? Kiko mkononi mwa mtoto, kimeliwa na kumbukumbu yake ni nzuri, au kiko kwenye jaa?

Kapu la nailoni la mtandaoni linaanguka mtihani huu karibu lote. Ukilifungua unakuta nusu yake ni karatasi za kujazia, peremende chache, kikombe chenye picha ya sungura na mdoli wa manyoya wa kutuna. Umelipia utepe. Kalamu za rangi na daftari lisilo na mistari vinafaulu. Tiara inafaulu kama kuna mtu mzima wa kuirusha naye. Kashata inafaulu ingawa Jumanne haipo tena, kwa sababu imeliwa yote na hakuna takataka iliyobaki ila mikono ya kunata.

Kipimo hiki kina kasoro yake, nakubali. Bofu la hewa, yaani puto, halifiki hata Jumatatu jioni na watoto wanalipenda kuliko vyote. Mara mojamoja acha kitu kianguke mtihani.

Hatua ya tano: nunua kwa umri, si kwa ukubwa wa boksi

Mtoto chini ya mwaka mmoja hajui Pasaka na hajui Krismasi. Anataka kifuniko cha sufuria na mwiko. Ukimnunulia mdoli anayeimba, umejinunulia wewe. Weka hela hiyo kwenye nepi.

Wa mwaka mmoja mpaka mitatu anataka kitu cha kusukuma, kujaza na kumwaga: ndoo ndogo, mpira laini, kitabu cha kurasa ngumu ambacho hakichaniki. Zawadi bora niliyowahi kutoa kwa umri huu haikutoka dukani. Nilikwenda kwa seremala wa mtaani, nikamwomba vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi ya milango. Alinipa mfuko mzima kwa hela ya soda. Nilivipiga msasa jioni tatu mpaka havina kibanzi hata kimoja, nikaviosha, nikavianika. Kijana wangu alivijengea msikiti, kanisa, bandari na boti ya kwenda Dar, na sasa vimerithiwa na mdogo wake. Kama una subira ya msasa, huhitaji kusoma zaidi sehemu hii.

Kuanzia miaka mitatu hadi sita mtoto ana maoni, na maoni yake yametoka kwenye simu. Usimuulize “unataka nini?” Muulize “tucheze nini?” Majibu ni tofauti kabisa. Binti yangu aliyetaka nyumba ya midoli aliposikia swali la pili alijibu, “Tupike.” Vijungu viwili vya udongo, kibao kidogo cha chapati na kifimbo chake cha kusukumia, vyote vya kweli ila vidogo, vikamaliza kazi. Gololi, pia ya mbao ya kuzungusha, kamba ya kurukia, kikapu kidogo cha ukili cha kuendea sokoni na mama: vyote vinapatikana hapahapa na havina kitu cha kuzima.

Mtoto wa miaka mitano anaweza pia kupewa fedha. Watoto wenzake wa mtaani siku ya Idi wanapita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi, wanakusanya sarafu zao, wanakwenda viwanjani kujinunulia wenyewe. Mimi nimeuiga utaratibu huo bila haya. Wangu wanapata mkono wa Pasaka: sarafu za mia mbili na mia tano, nazihesabu mbele yake. Akinunua kitu kibovu, kanunua yeye. Somo la biashara la bei nafuu.

Hatua ya sita: kagua dukani, usikague nyumbani

Hapa nakaza, kwa sababu vitu vingi vya sikukuu huja kwa marobota, havina maandishi yanayosomeka, na muuzaji mwenyewe hajui vimetoka wapi.

Betri ndogo za duara, zile kama sarafu, ndizo zinazonitisha zaidi. Zimo kwenye saa za watoto, kadi zinazoimba, vidude vya taa, fimbo za kumetameta, na wakati mwingine kwenye viatu kama vile vyangu. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya saa mbili, na mwanzoni huenda asionyeshe dalili kubwa: anakataa kula, anatoa udenda, anakohoa. Usimtapishe. Mpeleke hospitali palepale na useme neno betri mlangoni. Kwa hiyo dukani geuza kitu tumboni: mfuniko wa betri ufungwe kwa parafujo. Kama unafunguka kwa ukucha, rudisha rafuni.

Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki baada ya karatasi ya chooni kwisha. Kitu au kipande cha kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba. Macho ya mdoli, magurudumu ya kigari, vyote vivute kwa nguvu. Muuzaji akinuna, mwambie, “Samahani kaka, huyu wangu ana nguvu kuliko mimi.” Sumaku ndogo usinunue kabisa. Akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Bofu lisilopulizwa na vipande vya lililopasuka viokotwe mara moja, kwa sababu vinaziba koo kama kifuniko.

Bastola za kurusha vidonge vya plastiki ninazikataa kwa sababu ya macho. Na kwa sababu ya kelele, nisiwe mnafiki.

Kitu kinachonuka kama rangi ya mafuta, au kinachoacha rangi kidoleni ukikisugua kwa mate, kiache. Mtoto mdogo anaonja kila kitu.

Hatua ya saba: chokoleti, ukiamua

Ukiamua kununua, basi jua unachonunua. Chokoleti huyeyuka kwenye joto la karibu na la mwili wa mtu, na mchana wa Machi Unguja hauko mbali na hapo. Yai kubwa la chokoleti ni ganda jembamba lenye hewa katikati: limesafiri kwenye kontena, likakaa ghalani, likapandishwa rafuni penye kiyoyozi kinachozimwa umeme ukikatika. Ukifungua ukakuta vumbi jeupe kama la chaki, hiyo si kuvu. Ni mafuta yake yamepanda juu baada ya kuyeyuka na kuganda tena. Haidhuru, ladha tu imekwenda. Angalia tarehe, shika boksi utikise taratibu. Likigonga kama njuga, yai limeshavunjika.

Bei nayo ina historia. Kiasi cha nusu ya kakao ya dunia inatoka Côte d’Ivoire na Ghana. Mavuno yalipokuwa mabaya huko, bei ya tani moja mwaka 2024 ilipita dola 10,000, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana. Viwanda vikapandisha bei au vikapunguza uzito, boksi likabaki lilelile. Soma gramu, usisome boksi. Mara nyingi kipande cha kawaida cha chokoleti kina gramu nyingi kuliko yai la bei mara tatu, na mtoto wa miaka minne haoni tofauti akishalitia mdomoni. Hata Tanzania tunalima kakao, Kyela huko Mbeya, ila si hiyo unayoikuta kwenye yai la supamaketi.

Mtoto chini ya miaka miwili usimpe. Shirika la Afya Duniani linashauri umri huo usipewe vyakula vyenye sukari nyingi. Peremende ngumu na karanga nzima wasubiri mpaka wavuke miaka minne au mitano, kwa sababu ya kukabwa. Na kashata ya karanga imo humo, msinikasirikie.

Hatua ya nane: tengeneza mayai yenu

Sehemu hii ndiyo niipendayo, na hapa Zanzibar ina rangi ambazo watu wa Ulaya wananunua kwenye pakiti.

Chagua mayai yenye ganda jeupe, yanashika rangi vizuri. Kwa njano: vijiko viwili vya manjano kwenye vikombe viwili vya maji, kijiko cha siki, chemsha dakika kumi, acha ipoe. Kwa wekundu wa kahawia: maganda makavu ya vitunguu maji, ujaze sufuria ndogo, uchemshe mpaka maji yawe kama chai ya rangi. Kwa rangi ya machungwa, zingefuri, zile mbegu nyekundu ambazo watembeza wageni wa mashamba ya viungo huwapaka watalii midomoni. Zisugue kwenye maji ya moto, uchuje. Choya, wengine huiita rosela, nayo inatoa rangi ya ajabu: maji mekundu, yai linatoka la buluu ya mawingu. Watoto hawaamini mpaka walione. Tumbukiza mayai nusu saa, au uyalaze usiku kucha kwenye friji kama unataka rangi iive. Valisha watoto nguo za zamani. Manjano haisamehe.

Sasa, kosa langu. Mwaka wa kwanza nilichemsha mayai kumi na mbili, tukayapaka, na Jumapili baada ya kanisa nikayaficha uwani: kwenye mashina ya ndizi, chini ya mlimao, juu ya ukuta. Nikaingia ndani kuwaita watoto wavue nguo za kanisani. Haikuchukua dakika kumi. Tulipotoka, kunguru walikuwa wamekaa juu ya ukuta safu nzima kama wazee wa kamati, na kunguru mmoja yai la njano limo mdomoni. Hawa ndio kunguru walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Wameongeza na Pasaka. Tulipata mayai manne, mdogo akalia mpaka akalala.

Hata bila kunguru nisingerudia. Yai la kuchemsha kwenye joto la juu ya nyuzi 32 lisikae nje zaidi ya saa moja, na chini ya hapo saa mbili. Kwa hiyo mayai ya kula yanakaa kwenye friji mpaka mezani, na ya kuficha ni mengine.

Ya kuficha tunafanya hivi. Kwaresima nzima, hasa Ijumaa ambapo nyama haipikwi na nazi inakunwa, siutupi ule ushahidi wa nazi. Vifuu viwili vya nazi moja naviosha, navikwangua nyuzi, navianika. Ikifika Wiki Kuu nina jozi kumi au zaidi. Watoto wanavipaka rangi. Ndani natia sarafu, kashata iliyofungwa kwenye karatasi, pakiti ndogo ya ubuyu, kifutio, gololi kwa mkubwa tu. Nafunika kifuu kwa mwenzake, nazungusha kamba ya usumba, fundo la kitanzi ambalo mtoto anaweza kulivuta. Hilo ndilo yai letu. Kunguru akiliona anainamisha kichwa, anagonga mara moja, anaondoka.

Kila mtoto anapewa pakacha lake la kukusanyia. Mwenye kusuka makuti mtaani anasuka dogo kwa dakika chache, na linashinda kapu la nailoni kwa kila kitu.

Ukitaka na maganda ya mayai ya kuning’iniza, toboa yai bichi juu na chini kwa sindano, puliza, kilichomo kikusanye kwenye bakuli. Suuza ganda kwa maji ya sabuni. Kilichomo bakulini ni mkate wa mayai: sukari, unga na hiliki, kupiga mpaka mkono ukatae, halafu moto juu na moto chini. Mayai kumi ya kupuliza ni mkate mmoja wa maana.

Hatua ya tisa: hesabu na watoto wa jirani

Usinunue kwa idadi ya watoto wako. Nunua kwa idadi ya watoto watakaokuwepo uwani, na hao huwezi kuwahesabu mpaka siku yenyewe. Idi wangu wanakula visheti nyumba ya pili mpaka wanasahau kwao, kwa hiyo Pasaka deni linarudi.

Muulize mama yao kwanza, hata kama mmezoeana. Jirani yangu ananiuliza mapema, “Shoga, Pasaka yenu lini mwaka huu?” na hapohapo namwambia nitakachotoa. Peremende laini za kuvutika, zile kama mpira, nyingi zina jelatini, na jelatini mara nyingi hutokana na nguruwe. Kama pakiti haisemi halali, usiigawe kwa watoto wa Kiislamu, na usiseme “hawatajua.” Chokoleti zenye kileo ndani zipo pia, soma nyuma. Kashata, tende, ubuyu na mkate wa mayai havina swali. Pasaka ikija kurudi ndani ya Ramadhani, gawa vitu vilivyofungwa wavichukue nyumbani, na watoto wako wale ndani, si barazani.

Zawadi zenyewe, zile za bahasha, watoto wangu wanapewa asubuhi kabla ya mtu kugonga mlango. Cha uwani ni cha wote.

Hatua ya kumi: ndugu wanaokuja na boti

Ami yao huja Pasaka na boti ya mchana kutoka Dar na kitu kikubwa kuliko mlango. Mpigie wiki mbili kabla. Usimwambie asilete, utamvunja moyo. Mwambie ukubwa wa mguu wa mtoto: “Shemeji, namba ishirini na saba, buti za mvua.” Mwanamume akipewa namba anatulia.

Simu mnaweza kuizima kuanzia Alhamisi Kuu. Mimi nasema imeharibika.

Na vifuu, kabla hujavificha, andika kwenye karatasi kila ulipokiweka na vingapi. Mayai ya kuchemsha yakitoka kwenye friji, hesabu yanayotoka na yanayorudi. Mwaka wa kunguru nilidhani wamechukua manane. Walichukua saba. La nane tulilipata Jumamosi iliyofuata, nyuma ya beseni la kufulia, na si kwa macho.